Kitufe cha Dharura kwa Bi Harusi Anayeolewa Mbali



Msimu wa harusi umetufikia tena, na mwaka huu katika wanaotuletea maswali wamo mabinti wengi wanaoolewa Bara. Wala si Bara ya Dar au Tanga, ambako mtu anapanda boti asubuhi na jioni yuko kwao. Ni Bara ya ndani: Kahama, Kigoma, Biharamulo, Ngara. Juzi mmoja alitusomea orodha ya vitu anavyotaka kwenda navyo. Katikati ya seti ya sahani na mashine ya juisi alikuwa ameandika "kitufe cha dharura". Somo wake alicheka. Akamuuliza, "Wewe unakwenda kuolewa au unakwenda kulinda benki?"

Sisi hatukucheka, kwa sababu tunaye wetu aliyeolewa Ngara, na kitufe hicho alikuwa nacho. Tumeona kilivyomfaa na kilivyomwangusha. Kwa hiyo leo tunatoa rai yetu waziwazi: bi harusi anayekwenda kukaa mbali na watu wake apewe kitufe cha dharura, na kiwe sehemu ya mazungumzo ya harusi kama yalivyo mazungumzo ya nyumba na vyombo. Lakini kisifungwe ukutani mpaka kwanza lijibiwe swali moja: kikibonyezwa, nani anakuja?

Usiku wa Ngara

Huyu wetu aliolewa na kijana mwema, mfanyabiashara wa mizigo ambaye hukaa njiani siku nyingi katika mwezi. Walipanga nyumba yenye ukuta, dirisha za nondo na geti la chuma. Mume, kwa kumjali mkewe, alinunua Dar mfumo mdogo wa king'ora: paneli moja yenye laini ya simu, king'ora cha nje, na vitufe viwili visivyo na waya. Fundi akafunga vyote kwa siku moja. Zikawekwa namba tatu za kupigiwa: ya mume, ya kaka wa mume aliyeko Dar, na ya rafiki wa mume.

Ikafika usiku mmoja, watu wakaruka ukuta. Bibi akabonyeza kitufe, na kitufe kikafanya kazi yake. King'ora kililia na simu zikapigwa. Mume aliipokea akiwa Singida, akabaki kushika kichwa ndani ya gari. Kaka wa Dar alikuwa amelala. Rafiki simu yake ilikuwa imezimwa. Mtaani watu walisikia sauti ile, wakadhani ni gari la mtu limeguswa na paka, wakageukia upande wa pili.

Kilichomwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni koo lake. Alipiga ukunga kwa nguvu zake zote. Mama wa nyumba ya pili, Mkristo, mtu mzima ambaye bibi wetu alikuwa hajawahi hata kula kwake, akatoka na wanawe watatu na mchi mkononi. Wale watu wakakimbia. Mama yule alikaa naye mpaka alfajiri, akamchemshia maji, akamwambia, "Mwanangu, ungeniambia ile sauti ni yako, ningekuja mapema."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike leo.

Si kwamba Ngara ni kubaya

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi wilaya hizo ni za wezi. Wezi wapo Unguja, wapo Pemba, na Dar ndiyo usiseme. Watu wa Ngara, Wahangaza na Washubi, na wa Biharamulo, Wasubi, Wazinza na Wasukuma waliohamia, ni wakulima na wafugaji na wafanyabiashara kama wengine. Lakini binti anayekwenda kukaa mahali ana haki ya kuijua historia yake, ili asione kuwa majirani wana wasiwasi wa bure.

Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mwisho wa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Baadaye kambi ya Lukole, wilayani humo humo, ikawa makao ya wakimbizi wa Burundi. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto waliokimbia roho zao tu. Lakini vita vya majirani vilileta na bunduki, na kwa miaka mingi baada ya hapo mabasi yanayopita mapori ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wiki mbili wahamiaji haramu na wenye silaha haramu, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Hali leo si ile. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yameingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019, na malori ya kwenda Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi na Lusahunga usiku na mchana. Lakini umbali uko pale pale. Kutoka Dar kwenda Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200. Mama wa Unguja akipigiwa simu saa nane usiku kwamba mwanawe yuko hatarini, kinachobaki mkononi mwake ni dua na hiyo simu.

Watu wa huko wenyewe walikuwa na kitufe chao kabla ya betri kujulikana. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda na Burundi, ambako lugha zao zinafanana sana na Kihangaza, kuna sauti mbili za kinamama zinazojulikana na kila mtu. Impundu ni vigelegele vya furaha, vya harusi na vya mtoto kuzaliwa. Induru ni ukelele wa hatari, na anayeusikia anapaswa kutoka. Kwa Wasukuma kuna mwano, ambao sungusungu waliutumia sana tangu walipoanza kujipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na sisi watu wa pwani tuna ukunga. Sauti hizi zilifaa kwa sababu kila aliyezisikia alijua maana yake na alijua wajibu wake. King'ora cha dukani hakina sifa hiyo. Mtaani kinalia kama kitu kingine chochote kinacholia, mpaka mtu aambiwe.

Kufunga kitufe: mambo ambayo bi harusi ayajue mwenyewe

Msimwachie fundi kila kitu, wala msimwachie mume. Huyo atakayebaki ndani ndiye ajue kilivyo.

Tunapenda kisicho na waya kwa sababu wengi wenu mtaanza maisha katika nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba hatakubali kuta zichimbwe, na mkihama mnakifungua mnakwenda nacho. Ndani ya kitufe mna redio ndogo tu. Vingi vya bei nafuu hutumia mawimbi ya megahezi 433. Ukibonyeza, kinatuma ishara kwa paneli, na paneli ndiyo inayoliza king'ora na kupiga simu.

Hapo lipo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Vitufe vingi vya aina hii hutuma tu, havipokei. Taa yake ndogo ikiwaka, maana yake kimetuma, si kwamba paneli imesikia. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Ukuta wa zege, mlango wa chuma na bati hupunguza sana. Kwa hiyo baada ya kukisajili kitufe kwenye paneli, funga milango yote kama unavyofunga usiku, kisha kibonyeze ukiwa chumbani, jikoni, uani na chooni kama choo kiko nje. Mtu mwingine asimame kwenye paneli na kukuambia kama imesikia. Pale isiposikia, sogeza paneli, na usikubali kuambiwa "itashika tu".

Paneli isiwekwe karibu na mlango wa mbele, ambako mwizi ataiona kwanza. Iwe chumba cha ndani, juu, penye soketi. Mwambie fundi akiweke kitufe katika hali ya saa 24, yaani kifanye kazi hata kama king'ora cha milango hakijawashwa. Wengi walijikuta wanabonyeza bure mchana kwa sababu mfumo ulikuwa "umelala".

Kitufe kimoja kiwe ubavuni mwa kitanda, mahali unapofika kwa mkono ukiwa umelala gizani, lakini mtoto asifikie. Cha pili kiwe jikoni au ukivae. Chagua cha kubonyeza kwa sekunde mbili tatu, kisije kikalia kwa kuguswa na mto. Na amua mapema kama unataka kilie au kiite kimya kimya. Kwa mwizi aliye nje, sauti ni nzuri, humfukuza. Kwa mtu aliyekwisha kuwa ndani na wewe, kimya ni salama zaidi. Kama paneli inaruhusu, kitufe kimoja kilie na kingine kinyamaze, na usivichanganye.

Umeme wa Ngara na Biharamulo kwa miaka mingi ulikuwa wa jenereta za dizeli, na hata sasa, pamoja na mradi wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80 ambao Tanzania inaugawana na Rwanda na Burundi, umeme kukatika ni jambo la kawaida kwetu sote. Kwa hiyo paneli iwe na betri yake ya akiba, na uijaribu: zima umeme, ngoja saa kadhaa, kisha bonyeza.

Laini ya simu iliyomo ndani ya paneli iondolewe namba ya siri, iwe na salio, na itumike mara kwa mara isije ikafungwa. Kwa anayekaa karibu na mpaka, Rusumo au Kabanga, kuna la zaidi. Huko simu inaweza kunasa mtandao wa nchi jirani bila mwenyewe kujua, ikagoma kupiga au ikala salio lote. Mwambie fundi achague mtandao wenye nguvu ndani ya nyumba yako, si ule anaoupenda yeye, na azuie laini isihame mtandao ikiwa paneli ina uwezo huo.

Betri ya kitufe ni ndogo na huisha bila kuaga. Sisi tunapendekeza ibadilishwe kila mwaka ukiingia mwezi wa Shaabani, wakati unaposafisha nyumba kwa ajili ya Ramadhani. Hutosahau. Na kila mwezi kijaribiwe mara moja, mchana, baada ya kuwaarifu majirani.

Namba ziwe za nani?

Sasa tufike penye rai yetu hasa. Mfumo mwingi wa bei ya kawaida hukubali namba chache, tano au sita hivi. Kwa desturi yetu namba hizo anazijaza mume, na anajaza watu wake. Hana nia mbaya, ni mazoea tu. Lakini matokeo yake ndiyo yale ya usiku wa Ngara: namba tatu, hakuna hata mmoja anayeweza kufika kwa miguu.

Sisi tunasema namba mbili za kwanza ziwe za watu walio ndani ya mwendo wa dakika tano, wawe nani wawao. Ngara na Biharamulo Waislamu ni wachache. Jirani yako wa karibu huenda akawa Mkatoliki au Muanglikana, na haki ya ujirani haikatiki kwa hilo. Sote tumeisoma hadithi ya Jibril alivyomuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, mara kwa mara, mpaka akadhani atamfanya mrithi. Wasia huo tumeuzoea kuusikiliza upande wa kutoa: mpelekee mchuzi, usimuudhi. Upo na upande wa kujuana. Huwezi kumwomba atoke usiku na mchi mtu ambaye hujapata kumpelekea hata sahani ya futari.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya bi harusi ugenini isiwe ya kujifungia na kupiga picha za chumba tu. Apite na mumewe nyumba za jirani, aseme jina lake, na awasikilizishe king'ora: "Mkisikia hii, ni mimi." Apite kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, kwani huko hakuna sheha. Amtafute imamu wa msikiti ulio karibu na mkewe. Namba ya polisi ya 112 aijue kwa kichwa, na ajue kituo kiko wapi.

Na kikilia kwa makosa, kwa sababu mtoto kakichezea, usiwakasirikie waliokuja. Toka, waombe radhi, wape chai. Waliokuja bure leo na wakakaribishwa vizuri watakuja na siku ya kweli.

Namba ya tatu ni ya mume. Ya nne, na hapa ndipo wengine watatukasirikia, iwe ya mtu wa upande wa mke, anayemchagua mke mwenyewe. Tunajua pingamizi lake, kwa sababu tumeshaambiwa: "Mnataka siri za nyumba ziende kwa wakwe?" Pingamizi hilo tunaliheshimu. Sitara ya nyumba ni jambo kubwa katika dini yetu, na mke anayesimulia kila ugomvi barazani anajiharibia mwenyewe. Lakini kitufe hakisimulii ugomvi. Kinasema jambo moja tu, kwamba mtu yuko hatarini. Na Qur'ani yenyewe, katika Suratun-Nisaa, wanandoa wanapofarakana, inaagiza mwamuzi kutoka kwa watu wa mume na mwamuzi kutoka kwa watu wa mke. Ikiwa kwenye suluhu pande zote mbili zinahudhuria, kwa nini kwenye hatari ihudhurie moja?

Wala tusijifanye hatuelewi kwa nini hilo ni muhimu. Si kila hatari huruka ukuta. Nyingine ina ufunguo wa mlango. Mabinti wengi wameolewa mbali wakapata waume wema, alhamdulillah, na huyu wetu ni mmoja wao. Wengine hawakupata, na umbali ukawa ndiyo pingu yao. Kitufe ambacho namba zake zote ni za mume na ndugu zake hakimfai mke wa namna hiyo. Basi binti ajue pia kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba kwenda huko anapopigwa si kuvunja ndoa. Aliyenyanyua mkono ndiye aliyeanza kuivunja.

Tawakkul haikatazi

Wapo wanaosema: mwenye kusoma nyiradi zake za usiku ana haja gani na mitambo? Tunawajibu kwa upole. Nyiradi tusome, na tusizipunguze. Lakini bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru akitegemea, Mtume (S.A.W.) alimfundisha amfunge kwanza, kisha ategemee. Anayefunga geti na kuweka nondo tayari amekubali msingi huo. Kitufe ni nondo nyingine tu.

Na wapo wanaoelekea upande wa pili, hasa wazazi. Wamenunua mfumo wa gharama, wamemkabidhi binti siku ya kumsindikiza, na moyoni wanaona deni lao limekwisha. Halijaisha. Mpigieni mwanenu, si kwa kuuliza "umeshika mimba?" bali kuuliza analala vipi. Mtembeleeni. Mama anayefika Ngara mara moja kwa mwaka, akakaa wiki, akala na majirani, ameongeza ulinzi wa nyumba ile kuliko king'ora chochote.

Yule bi harusi wa orodha tumemwambia akiache kitufe palepale alipokiandika. Ila chini yake tumemwongezea mstari mmoja kwa kalamu yetu: "Majina mawili ya jirani, yapatikane kabla ya nikaha." Bwana harusi amepelekewa ujumbe. Amejibu kwamba jirani wa kwanza ni fundi cherehani, ana mke na mabinti wawili, na wanamsubiri mgeni wao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu walio mbali, na awape majirani wema. Amin.